Mizinga ya Kimanzi Ng'ambo ya Mutha

Tangu turudi, watu wananisimamisha kila mahali: kwa fundi wa baiskeli, kwenye foleni ya kusaga mahindi, hata mlangoni mwa kanisa. Kila mmoja anauliza yaliyotokea, nami hujibu kwa sentensi mbili kisha naondoka nikijua kwamba sijamwambia kitu. Kwa hiyo nimeketi kuandika safari yote, hatua kwa hatua, ili walio karibu niwasomee na walio Nairobi niwatumie. Habari za nauli na kutafuta magari nitaziruka.

Wasiomjua Kimanzi niwaeleze kidogo. Ni kaka yangu mkubwa. Tangu ujanani alikuwa na mizinga ya nyuki huko Kitui, mbele ya Mutha, mahali ambapo mashamba yanakwisha na msitu wa miiba unaanza. Alikuwa akienda mara mbili kwa mwaka na kurudi na asali. Miaka saba iliyopita alienda, na hakurudi. Simu yake ililia siku mbili, kisha ikazimika. Wengine walisema ameonekana Voi na mke mwingine, wengine wakasema Garissa. Mama yetu alishika hayo yote kwa furaha, kwa sababu mtu aliye na mke mwingine yuko hai.

Mwaka huu binti yake, Ndanu, alipata mchumba. Familia ya kijana, watu wa mji wa Wote, walikuja mara mbili kuuliza ni lini walete mbuzi wa ntheo. Hao ndio mbuzi ambao kwetu Ukambani bila wao msichana hajaolewa, hata akiwa na watoto watano. Baba wa msichana ndiye anayeketi na kuwapokea. Wazee wa ukoo walitujibu hivi: "Kama Kimanzi yuko hai, aletwe aketi. Kama amekufa, semeni amekufa, ndugu yake aketi. Lakini hatuwezi kula mbuzi za mtu ambaye yuko katikati." Watu wa Wote walisema watakuja mara ya tatu mwezi wa nane, na mara ya nne haitakuwako.

Ndugu yake ni mimi. Hilo mlikumbuke mkisoma yanayofuata.

Kasikeu hadi Kikima

Tuliondoka kwetu Kasikeu Jumatatu asubuhi, mimi na Mbithe, mke wa Kimanzi. Mama alikataa kutuaga. Alikaa jikoni akichambua maharagwe na kusema bila kuinua kichwa, "Nyinyi endeni mkatafute maiti. Mimi nilimzaa, mimi ningejua."

Mbithe alikuwa amebeba mfuko mmoja mdogo. Tulipokuwa tukipanda milima ya Kilungu aliufungua kutafuta leso, nikaona shati la kiume lililopigwa pasi na viatu vilivyopakwa rangi.

"Mama Ndanu, hivyo ni vya nini?"

"Tukimpata atakuwa amevaa matambara. Hawezi kurudi kwa binti yake hivyo."

Barabara ilishuka upande wa pili, ikapita kwenye joto na miembe, kisha ikaanza kupanda tena kuelekea Mbooni. Ukitoka Kasikeu ambako udongo ni mwekundu na mkavu, Mbooni inakushangaza kila mara. Ukungu ulikuwa umelala juu ya matuta, na matuta yenyewe yamepangwa moja juu ya lingine mpaka kileleni, kazi ya mikono ya nyanya zetu. Wazee husimulia kwamba Wakamba walijaa kwanza katika milima hii, na ardhi ilipowabana, vijana wakashuka, wakavuka mto Athi kufuata tembo na nyuki. Waliuza pembe kwa watu wa pwani na asali kwa kila mtu. Nafikiri kila aliyeshuka aliahidi kurudi.

Kikima tulimfuata mtu anayeitwa Muli. Zamani yeye na Kimanzi walikuwa wakienda Mutha pamoja. Tulimkosa siku nzima. Alikuwa kwenye mazishi, kiongozi wa kwaya. Tuliketi katika kibanda karibu na soko la kabichi tukila chapati na ndengu, na mvua nyembamba haikukatika. Alikuja kesho yake alasiri, suti nyeusi, viatu vyenye tope, sauti imekwisha kwa kuimba.

Alipomwona Mbithe alisimama mlangoni.

"Karibu ndani, Muli," Mbithe akasema. "Ama unaogopa chai?"

"Siogopi, mama."

"Miaka saba unakula maparachichi hapa. Kasikeu ni mbali aje? Hukuweza kuleta hata neno?"

Muli alivua kofia. "Mwaka huo tulikuwa twende pamoja. Lakini nilikuwa nimeokoka. Pasta aliniambia hii mambo ya mizinga ina viapo ndani yake, niiache. Nikamwambia Kimanzi aende peke yake." Alikohoa. "Alipokosa kurudi, nilidhani amenikasirikia. Halafu nikaona haya. Na haya ikikaa, mama, inakuwa kubwa kuliko wewe."

"Viapo gani?" nikauliza.

"Ya wazee. Kule mtu haguzi mzinga wa mwingine. Unaweza kupata ng'ombe ya mtu imeibiwa, lakini mzinga, hapana. Ukiguza, unavimba. Mwenyewe akikosa kuja, asali inakaa tu."

Alituchorea njia kwenye kartoni ya sabuni: Mutha, duka la Msomali mmoja anayeitwa Abdi, mto mkavu, kisha mti mkubwa ulioanguka. Nilimuuliza mizinga ina alama gani. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake.

"Si alama ya ukoo wenu? Huijui?"

Niliijua. Mistari miwili iliyosimama na mmoja unaoikata. Ng'ombe wetu wote walichomwa hiyo. Nikaandika kwenye daftari, nikapiga mstari chini yake, nikaona kwamba jambo hilo limekwisha.

Tulipoinuka, Muli alimpa Mbithe mfuko wa maparachichi. Aliuchukua. Baadaye njiani aliwagawia watu wote waliokuwa nasi, yeye hakula hata moja.

Kuvuka Athi

Tulipita Tawa, Masii na Wamunyu. Kwenye daraja la Athi gari letu lilisimama kupoza injini, tukashuka. Mto ulikuwa umepungua na maji yalitambaa katikati ya mchanga kama kitu kilichojeruhiwa. Palipochotwa mchanga wa kujengea miji pamebaki mashimo, na ndani ya shimo moja punda alikuwa amesimama akinywa. Mbele yetu ulikuwa uwanda wa Yatta, ukuta mrefu ulionyooka juu kama umekatwa kwa rula. Wanaojua mawe husema ni moto wa ardhini uliotiririka zamani ukafuata bonde la mto, ukaganda. Kisha ardhi ya kando ikaliwa na mvua, na bonde likabaki juu. Nilimweleza Mbithe hayo ili tuwe na la kuzungumza.

"Kwa hivyo mto ulikufa na bado unaonekana," akasema.

Baada ya hapo sikumweleza tena habari za mawe.

Kitui tulifika jioni na tukaomba vyumba viwili katika nyumba ya wageni ya kanisa. Mama mwenye funguo alitutazama kutoka miguuni hadi kichwani.

"Nyinyi ni bwana na bibi?"

"Hapana," nikasema, "huyu ni shemeji yangu."

"Na bwana yake ako wapi?"

Mbithe akajibu, "Ndiyo tunaenda kumuuliza."

Mama huyo alituambia tungoje. Alirudi na mchungaji, mzee mnene mwenye sweta, akatuketisha na kutuhubiria kwa muda mrefu juu ya watu wanaotoroka na wake za ndugu zao. Alinitazama mimi hasa. Alisema hata mbwa anajua boma lake. Nilijaribu mara mbili kumkatiza, akaniinulia mkono. Alipomaliza, Mbithe alimweleza kwa upole shida yetu. Mchungaji aliona aibu mpaka masikio, akatuombea. Aliomba Mungu amlinde Kimanzi popote alipo. Kisha akaagiza tuletewe muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, na nyama, na yule mama wa funguo akaleta sahani akiwa ametazama sakafu.

"Ameomba vizuri," Mbithe aliniambia tukila. "Popote alipo. Mimi pia naomba hivyo. Miaka saba sijui kama naombea mtu ama mchanga."

Ilitubidi kukaa Kitui siku mbili kungoja lori la Mutha. Siku ya pili, tukiwa sokoni, Mbithe alianza kutembea haraka bila kuniambia. Nilimfuata kati ya marundo ya vitunguu hadi upande wa mafundi wa mabati. Alikuwa akimfuata mwanamume mmoja aliyekuwa na mabega ya Kimanzi, na mwendo wake pia, ule wa kuburuta mguu wa kushoto kidogo. Hata mimi moyo ulinipiga. Yule mtu aligeuka. Alikuwa na uso wa mtu mwingine kabisa.

"Mama, nikuuzie karai?"

"Hapana," Mbithe akasema. "Nilidhani uko na sura nyingine."

Kitui hadi Mutha

Lori lilikuwa likienda kuchukua mbuzi, tukakaa mbele na dereva. Kutoka Kitui nchi inashuka polepole. Migomba inakwisha, kisha mahindi, kisha mtama, na baada ya Mutomo unabaki na miiba, mawe meusi yaliyokaa juu ya ardhi kama mizigo iliyosahauliwa, na nyumba zilizo mbali moja na nyingine. Tulipita mashamba kadhaa yaliyoachwa. Dereva alisema tembo kutoka mbugani walikuja misimu mitatu mfululizo, na watu wakachoka kupandia wanyama.

Kabla ya Mutha tulizuiwa na mto. Asubuhi hiyo ulikuwa mchanga mtupu, dereva aliapa, lakini mvua ilikuwa imenyesha mahali fulani ambapo hatukuwahi kuona, na sasa maji mekundu yalishuka yakibeba matawi na ndara moja ya bluu. Upande wetu walikusanyika watu kama ishirini. Mbithe alimwendea kila mmoja. Nilimsikia akirudia maneno yale yale: mrefu, mweusi, ana pengo la jino la juu, mtu wa nyuki.

"Kimanzi ni wengi," mzee mmoja mwenye mbuzi akamwambia. "Wako ana miaka mingapi?"

"Angekuwa na hamsini na nne."

"Angekuwa? Ama ako?"

Mwanamke mwingine alisema anamjua Kimanzi mmoja anayeuza makaa Voi. Kijana wa pikipiki akasema yule ni mfupi, na pia anaitwa Kimeu. Wakaanza kubishana, wakacheka, na Mbithe akasimama katikati yao akingoja wamalize, kama mtu anayengoja zamu yake kisimani. Maji yalipungua alasiri. Tulivuka kwa miguu tukishikana mikono, na lori likafuata.

Duka la Abdi lipo mwisho wa Mutha, karibu na zizi la mbuzi. Watu wake walitoka kaskazini mashariki kabla hajazaliwa; yeye huzungumza Kikamba safi kuliko watoto wangu. Alitupa chai ya maziwa ya ngamia, yenye moshi ndani yake, na nilipotaja jina la kaka yangu aliweka birika chini.

"Kimanzi wa asali? Ako wapi huyo mtu? Alinikosea."

"Alikukosea aje?" nikauliza.

"Kila mwaka kabla ya Ramadhani ananiletea asali ya mama yangu. Mwaka mmoja hakuleta. Ala! Hata salamu. Nikasema, sawa, huyu amepata mnunuzi mwingine. Mama yangu alimlaumu mpaka akafa." Alituangalia mmoja mmoja, kisha akaelewa. "Hakufika nyumbani?"

"Hakufika," Mbithe akasema.

"Lakini alipita hapa akienda! Alichukua unga, majani ya chai na betri za tochi. Mimi nilijua amerudi kwenu kwa njia ya Ikutha."

Nafikiri hapo ndipo nilipoielewa habari yote kuliko mahali pengine popote. Nyumbani tulijua yuko Voi au Garissa. Mutha walijua yuko nyumbani. Muli alijua amekasirika, na Abdi alijua ana mnunuzi mwingine. Kila mtu alikuwa na mahali pa kumweka, kwa hiyo hakuna aliyetoka kumtafuta. Mimi pia sikutoka. Miaka saba nilikuwa na sababu: shamba, karo, mguu wangu unaouma.

Abdi alitutafutia mtu wa kutupeleka, mrina asali anayeitwa Kilonzo, mwembamba, mwenye sauti ndogo. Alisema atatupeleka hadi mti ulioanguka, na mbele ya hapo tutaona. Hakuuliza maswali. Nasi, Mungu atusamehe, hatukumweleza vya kutosha.

Msituni, siku ya kwanza

Tulitembea tangu alfajiri. Kilonzo alitangulia na panga na dumu la maji, Mbithe katikati, mimi nyuma. Kwenye mchanga wa mto mkavu kulikuwa na nyayo za ngamia, na juu yake nyayo za tembo, kubwa kama sinia. Miti mingi ilikuwa imevunjwa na kumenywa maganda. Digidigi wawili wawili walitukimbia. Ndege mdogo wa rangi ya vumbi alianza kutupigia kelele kutoka tawi hadi tawi, na Kilonzo alisema huyo ndiye anayeonyesha watu asali, lakini leo hatuna haja naye.

Karibu na saa tano Kilonzo alienda kando kutazama kama kisima kimoja kina maji. Alituambia tumngoje kivulini. Mimi ndiye niliyeinua macho nikaona mzinga, gogo refu lililochongwa ndani, limening'inia kwa kijiti chenye ndoano. Kisha wa pili, na wa tatu. Nilisogea chini yake. Ubavuni, iliyochomwa kwa chuma cha moto, ilikuwako mistari miwili iliyosimama na mmoja unaoikata.

"Mama Ndanu," nikasema. "Ni yake."

Alikuja mbio. Chini ya mti kulikuwa na masega yaliyokamuliwa, bado yana unyevu, nyuki wakiyalamba. Kulikuwa na majivu ya mwenge wa moshi na alama ya kiatu. Mtu alikuwa amerina hapo jana au juzi.

Sijawahi kumwona mtu akifanya alichofanya Mbithe. Aliketi chini, akacheka, kisha akaanza kumtukana Kimanzi kwa Kikamba, matusi mazuri, marefu, aliyokuwa ameyaweka miaka saba. Alimwita fisi, alimwita mgeni wa chakula. Huku akitukana alikuwa akilowesha pembe ya leso na maji yetu ya kunywa na kujipangusa uso. Akatoa shati mfukoni, akalikunjua, akalitandika juu ya kichaka kidogo ili mikunjo itoke.

"Nimwambie nini kwanza?" akaniuliza. "Nimpige ama nimwambie Ndanu anaolewa?"

"Mpige kwanza," nikasema. Nami nilikuwa nikicheka. Nilihisi mzigo umetoka mabegani mwangu: sitaketi kwenye kiti cha mtu.

Kilonzo alirudi na dumu. Aliliona shati, akatuona sisi, akasimama.

"Mmepata nini?"

"Mizinga ya ndugu yangu," nikasema. "Angalia alama. Amerina juzi tu!"

Kilonzo aliweka dumu chini taratibu sana. "Mzee," akasema, "hiyo ni yangu. Ni mimi nilirina."

Nilimwonyesha ile mistari kwa kidole, kama mtoto. Akatikisa kichwa. "Hiyo ni ya ukoo. Mimi ni wa ukoo wenu, hata sikujua. Wako wengi huku, walitoka Mbooni. Ya mtu iko chini ya ya ukoo. Hiyo kidogo hapo, kama jicho la ndoano. Hiyo ni Kilonzo." Alimtazama Mbithe na kugeuza uso. "Hamkuniuliza."

Kosa lilikuwa langu. Ng'ombe hutembea, kwa hiyo alama ya ukoo inawatosha. Atakayewaona atawarudisha kwa watu wetu. Mzinga hautembei, na msituni ni lazima ujulikane ni wa nani hasa. Mtoto yeyote wa Mutha anajua hivyo. Mimi niliondoka mapema kwenda shule, nikabaki na nusu ya alama ya ukoo wangu, na kwa nusu hiyo nilimfufua mume wa mtu kwa muda wa robo saa.

Mbithe alikunja shati. Alilikunja vizuri, mikono ndani, kola juu.

"Yake ilikuwa nukta tatu," akasema. "Mbili pamoja, moja imekaa kando. Aliichoma kwenye mpini wa jembe langu na kwenye kibuyu. Nilidhani ni urembo."

"Ziko," Kilonzo akasema. "Mbele. Tano. Hatuendagi huko sana kwa sababu ya ndovu. Tulidhani ni za mtu aliyeenda Mombasa."

Msituni, siku ya pili

Tulilala kwenye kambi ya Kilonzo karibu na mti ulioanguka, na asubuhi tukafika mapema kwenye mizinga hiyo.

Nitaeleza nilivyoona, kwa utaratibu. Miti ilikuwa migunga mitatu mikubwa, na mizinga mitano ndani yake. Kila mmoja ulikuwa na mistari ya ukoo, na chini yake nukta tatu. Mizinga ilijaa kupita kiasi. Nyuki walikosa nafasi ndani, wakajenga nje. Masega yalining'inia chini ya magogo kama ndimi, meupe kwa mapya, meusi kwa ya zamani. Asali ilikuwa imetiririka kwenye shina misimu mingi na kukauka, ikawa kama utomvu, na siafu walikuwa na barabara juu yake. Kamba za kupandia zilikuwa zimeoza. Vigingi alivyopigilia kwenye shina vilikuwa vimemezwa na gome, vimebaki vichwa tu.

Kilonzo alizunguka kila mti, akagusa gome, akahesabu kimya kimya.

"Miaka hii saba huyu hajaja hata mara moja," akasema. "Mwaka huo alipita kwa Abdi, hakufika hapa."

"Labda aliacha kazi," Mbithe akasema. "Mtu anaweza kuchoka na nyuki."

"Anaweza. Lakini angeuza. Ama angempa mtu. Mzinga uliojaa hivi, mama, hakuna mtu hai anaweza kuuacha."

Tulitafuta kati ya hapo na mto mkavu hadi jua lilipokuwa juu. Hatukupata mfupa, kitambaa wala tochi. Miaka saba ya fisi na mafuriko ni mingi. Tuliporudi chini ya miti, Kilonzo alitueleza mila ilivyo. Mizinga ya aliyekufa hufunguliwa na ndugu yake, mbele ya mke. Ndugu akifungua, mwenye mizinga amekufa, hata kama hakuna aliyemwona. Kabla ya hapo mizinga ni yake.

Akaniwashia mwenge wa moshi, akaniletea.

Sikuweza kuupokea. Niliwaambia ukweli: kwamba nikifungua, kiti ni changu, na sauti ya mkubwa wa boma ni yangu, watu watasema nilikuja mbali kumuua ndugu yangu kwa mwenge. Mbithe alinisikiliza akiwa ameketi juu ya mfuko wake.

"Usifungue," akasema. Nikashukuru. Tukakaa. Nyuki walikuwa wakiingia na kutoka, sauti yao ikijaza kila mahali. Baadaye akamuuliza Kilonzo, "Hawa nyuki, miaka hii yote, walikuwa wa nani?"

"Nyuki hawana mwenyewe, mama. Mwenyewe ni wa mzinga."



"Ndanu ako na miaka ishirini na tatu," Mbithe akasema. "Hawa watu wa Wote ni wazuri. Kijana ananiosheaga vyombo akija." Akainuka, akajipangusa vumbi, akaniita kwa jina la mwanangu. "Baba Kyalo, fungua mmoja. Mmoja tu. Nisikie umeufungua, nijue."

Kilonzo alifunga kamba mpya na kuuteremsha mzinga hadi usawa wa kifua changu. Nilipiga moshi. Nilitoa kifuniko. Mila inataka sega la kwanza apewe mke, nikakata kipande cheusi, kizito, nikampa. Alitafuna. Machozi yalikuwa yakimtiririka lakini uso wake haukubadilika.

"Imeharibika?" Kilonzo akauliza.

"Hapana," akasema. "Ni tamu sana. Ingeharibika ningefurahi."

Kurudi Kasikeu

Njia ya kurudi ilikuwa fupi, au labda hatukuitazama. Abdi alifunga duka akatusindikiza hadi kwenye lori. Mbithe alimwachia dumu dogo la asali kwa ajili ya kaburi la mama yake, maana hakujua ampe nini kingine. Viatu na shati alimpa Kilonzo. Shati lilimtosha.

Nyumbani wazee waliitwa, nikaeleza mbele yao nilivyoeleza hapa. Walionja asali mmoja baada ya mwingine, wakakubali. Kimanzi amekufa. Mama alikuwa mlangoni. Alipoletewa kijiko alikifunika kwa mkono.

"Mmefungua mingapi?"

"Mmoja, mwaitu," nikamjibu; ndivyo tunavyomwita mama.

"Minne je?"

"Iko vile vile."

"Basi msiiguze. Ndanu aolewe na huo mmoja. Minne ni ya Kimanzi." Akaingia ndani.

Watu wa Wote walikuja siku waliyosema, na mbuzi watatu, dume akiwa na shingo nyeupe. Waliimba tangu barabarani. Ndanu alivaa nguo ya kijani. Niliketi kwenye kiti cha kaka yangu, fimbo yake magotini, na dume lilipochinjwa nyama ililetwa mbele yangu kwenye sinia. Mbithe alisimama kando na wanawake akinitazama. Mlango wa mama ulikuwa umefungwa. Baba wa msichana ndiye hula kwanza. Kabla hajala, hakuna mtu bomani anayeweza kutia kitu kinywani. Wageni walikuwa wametoka mbali, wengine na watoto, na jua lilikuwa limepanda.

Nikala.